Redio nzuri, skrini inayoficha: tathmini ya seti ya vihisi visivyotumia waya kiwandani

Nianze na hukumu yenyewe, maana najua baadhi yenu mnasoma haya huku fomu ya manunuzi ikiwasubiri mezani. Redio za seti hii ni nzuri na zinastahili kuingia kiwandani. Ninachokilalamikia ni programu inayokuja nayo. Ukiifungua inakuonyesha namba moja kubwa ya kijani, na namba hiyo ni ya kweli, lakini haikuambii mtandao wako una hali gani. Ukitaka kuijua hali hiyo inabidi uchimbe hadi kwenye ukurasa ambao mwongozo wa mtumiaji haukuutaja hata mara moja. Nitakaa zaidi kwenye ukurasa huo, kwa sababu ndio ulionifanya niipende seti hii.

Sitamtaja mtengenezaji. Seti za namna hii ziko nyingi sokoni, zinafuata kiwango kilekile, na mengi ninayoyasema yatakuhusu hata kama sanduku lako lina nembo nyingine.

Ndani ya sanduku kuna lango moja lenye antena yake, yaani kifaa kinachokusanya ujumbe wa vihisi vyote, vihisi vya joto, vya shinikizo na vya mtikisiko wa beringi, betri zake, na programu ya kompyuta. Kiwango chake ni WirelessHART, kilichotolewa mwaka 2007 kikiwa sehemu ya toleo la 7 la HART, lugha ya mawasiliano ya vifaa vya vipimo viwandani, kisha kikawa kiwango cha kimataifa IEC 62591 mwaka 2010. Redio ni za IEEE 802.15.4, kiwango cha redio zinazotumia umeme kidogo, zinafanya kazi kwenye masafa ya 2.4 GHz kwa kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde. Mimi ni fundi wa vifaa vya vipimo, na nimeifunga kwenye ukumbi wa mashine wenye pampu, boila, matangi ya chuma, mabomba ya kila unene, kreni ya juu inayotembea kwenye reli zake, na foklifti zisizotulia.

Kabla ya hii ukumbi huohuo ulikuwa na mtandao wa aina nyingine, nao ndio ulionifundisha kuliheshimu tatizo lenyewe. Wazo la redio kupokezana ujumbe bila mnara wala waya ni la zamani. DARPA, shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, ilianza kulifanyia kazi mwaka 1973. Tangu hapo njia za kulitekeleza zimegawanyika. Mtandao wetu wa kwanza ulitafuta njia pale tu inapohitajika, kwa mtindo uitwao AODV, ulioelezwa kwenye waraka wa kanuni za mtandao RFC 3561 wa mwaka 2003. Nodi, yaani kila kifaa chenye redio mtandaoni, ikiwa na ujumbe na haina njia, inawauliza jirani wote: nani anafika kwenye lango? Jirani nao wanawauliza jirani zao, hadi jibu lirudi. Mahali palipotulia utaratibu huu unapendeza sana. Kwenye ukumbi wenye kreni na foklifti, viungo hukatika na kurudi kutwa nzima. Kila kimoja kinapokatika hewa inajaa maswali ya kutafuta njia, maswali yanagongana na data, na mgongano ule unaonekana kwa nodi nyingine kana kwamba viungo vyao pia vimekatika, basi nazo zinaanza kuuliza. Nimekaa chumba cha udhibiti nikiangalia vihisi vikipotea kimoja kimoja, mtandao ukijisonga wenyewe, bila kifaa hata kimoja kuharibika.

Ongeza na tatizo ambalo watafiti Tobagi na Kleinrock walilichambua tangu 1975: nodi mbili zisizosikiana, kila moja inasikiliza hewa na kukuta kimya, zote zinatuma kwa pamoja, na aliye katikati hapati ujumbe wa yeyote. Kiwandani tangi moja la chuma linatosha kuzalisha jozi nyingi za namna hiyo. Halafu mtandao ule wote ulikaa kwenye chaneli moja. Chaneli ya Wi-Fi yenye upana wa MHz 20 inafunika chaneli nne za 802.15.4, kwa hiyo siku Wi-Fi ya ofisini ilipohamishiwa masafa yaleyale, hatukuwa na pa kukimbilia.

Seti hii imetengenezwa na watu walioyajua hayo. Muda umekatwa vipande vya milisekunde 10, yaani vipande 100 kwa sekunde, na kila kipande kinatosha pakiti moja pamoja na jibu la kuipokea. Kila nodi inajua itume katika kipande kipi, isikilize katika kipi, na ilale katika vingine vyote. Kila kipande kinatumia chaneli tofauti: leo hapa, milisekunde kumi baadaye kwingine, kwa kupokezana kwenye chaneli 15, kuanzia ya 11 hadi ya 25. Ratiba inapangwa na meneja wa mtandao, yaani programu iliyomo ndani ya lango. Wapo watakaosema mtandao wenye meneja si wa kujiunda wenyewe, na hoja yao naielewa. Lakini nodi zenyewe ndizo zinazosaka jirani, ndizo zinazopima nani anasikika na nani hasikiki, na kila moja inabeba mizigo ya wenzake. Meneja anapanga kutokana na yale yanayoripotiwa kutoka chini. Kwa ukumbi wa chuma mgawanyo huo wa kazi nauona sahihi kabisa.

Kuna jambo dogo la saa ambalo wauzaji hawalisemi. Mpango wote unasimama juu ya nodi kukubaliana wakati. Kioo cha saa, yaani fuwele inayoipa nodi mapigo ya wakati, chenye kosa la sehemu 10 kwa milioni kikikutana na kingine chenye kosa kama hilo upande wa pili, wanaachana mikrosekunde 20 kila sekunde, yaani milisekunde nzima ndani ya sekunde 50. Ndiyo maana nodi zinabadilishana salamu za kurekebisha saa hata pasipokuwa na data ya kutuma. Joto hubadili mwendo wa kioo, kwa hiyo kihisi kilichofungwa kwenye ukuta wa boila kina kazi ngumu kuliko mwenzake aliye kivulini. Katika seti hii sijaona kihisi kikipoteza saa kwa sababu ya joto, na hilo nalipa heshima yake.

Sasa chuma. Watu wengi hudhani tatizo la chuma ni kuzuia mawimbi. Linazuia, ndiyo, lakini zaidi linayarudisha. Ujumbe mmoja unafika kwenye antena ukiwa umepitia njia nyingi: moja kwa moja, kwa kugonga tangi, kwa kugonga paa, kwa kugonga kreni. Nakala hizo zikifika zikiwa zinasaidiana, unapata mawimbi yenye nguvu. Zikifika zikipingana, zinafutana. Kwenye 2.4 GHz urefu wa wimbi ni kama sentimita 12.5, kwa hiyo kusogeza antena sentimita sita kunaweza kukutoa mahali pazuri kukutia kwenye shimo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Theodore Rappaport alipima jambo hili kwenye majengo matano ya viwanda huko Indiana, Marekani, kwenye masafa ya MHz 1300. Alikuta kutawanyika kwa muda wa kufika, yaani nakala za ujumbe uleule zinavyopishana kufika, kati ya nanosekunde 30 na 300, na kipimo cha katikati kilikuwa nanosekunde 96 pale antena zinapoonana na 105 pale zilipozuiwa. Zitazameni namba hizo mbili za mwisho. Karibu ni sawa. Kuliona lango kwa macho hakukuepushi na mwangwi. Ukumbi wote unarudisha sauti. Na kwa kutawanyika kwa kiasi cha nanosekunde 100, hali ya chaneli inabadilika ndani ya MHz chache tu, wakati chaneli za 802.15.4 zimeachana kwa MHz 5. Maana yake ni kwamba shimo lililoimeza chaneli ya 14 lina nafasi nzuri ya kutokuwepo kwenye chaneli ya 19. Hapo ndipo kurukaruka kwa chaneli kunapolipa. Si kwa ajili ya kuikwepa Wi-Fi peke yake, kama vipeperushi vinavyosema, bali kwa ajili ya kuyakwepa majengo yenyewe.

Nije kwenye ile namba ya kijani. Programu inaiita uaminifu wa mtandao, na kwangu imekuwa ikisimama kwenye 99.9 na zaidi karibu wakati wote. Mkuu wa zamu alinikuta juu ya ngazi nikihamisha antena akaniuliza, "Fundi, skrini yote kijani, unahangaika na nini huko juu?" Nikamwambia, "Mkuu, kijani kile kinasema ujumbe umefika. Hakisemi umefika kwa taabu gani."

Fanyeni hesabu. Chukua kiungo kibovu kinachopoteza nusu ya pakiti zake. Kipe nafasi kumi za kujaribu, kila moja kwenye chaneli nyingine ili bahati za majaribio zisifungamane. Uwezekano wa yote kumi kushindwa ni moja kati ya 1024. Yaani kiungo cha asilimia 50 kinakuletea uaminifu wa asilimia 99.9, na skrini inabaki kijani. Na kwa kweli nodi haibaki na kiungo kimoja. Ina mzazi wa pili wa kumgeukia, mzazi akiwa jirani anayeupokea ujumbe wake na kuupeleka mbele kuelekea lango. Kusoma namba hiyo peke yake ni kama kumpima mgonjwa aliyekwisha meza dawa ya maumivu. Gharama imelipwa mahali pengine: nodi ile inatuma kila ujumbe mara mbili kwa wastani, na mzazi wake anaamka kusikiliza mara mbili. Inayolipa ni betri. Na akiba ya mtandao ya kuhimili mabaya zaidi imeshatumika, kwa hiyo siku kitu kingine kitakapoharibika, mtandao hauanzi kuyumba kidogo kidogo, unaanguka.

Ukurasa ninaousifu uko chini ya menyu ya uchunguzi wa kifaa, ngazi tatu ndani. Unaonyesha majibu ya amri ya 780 ya WirelessHART, ambayo ni ripoti ya afya ya jirani. Kwa kila jirani wa nodi unapata wastani wa nguvu ya mawimbi, idadi ya pakiti zilizotumwa kwake, idadi zilizoshindwa, na idadi zilizopokelewa kutoka kwake. Ripoti hizi huja kila dakika 15. Gawanya zilizofaulu kwa zilizotumwa, na umepata uthabiti wa njia, kiungo kwa kiungo. Hiyo ndiyo namba iliyotakiwa kuwa kubwa kwenye skrini ya kwanza. Amri ya 779 inakupa afya ya kifaa chenyewe, na ya 787 inakutajia jirani waliosikika lakini bado hawajaunganishwa. Hiyo ya mwisho ni hazina, maana inakuonyesha njia ambazo mtandao ungeweza kuzitumia siku ya shida.

Onyo moja kuhusu nguvu ya mawimbi, kwa sababu hata mafundi wazoefu wanaikosea. Wastani ule unahesabu pakiti zilizofika tu. Zilizozama kwenye shimo hazipo kwenye hesabu. Kiungo kinachopoteza nusu ya pakiti kitaonyesha wastani wa ile nusu iliyopona, nacho kitapendeza kuliko ukweli. Kwa hiyo msisome nguvu bila uthabiti kando yake. Zikisomwa pamoja zinaongea: nguvu ndogo na uthabiti mdogo, tafuta umbali au kizuizi, nguvu kubwa na uthabiti mdogo, kuna mwingine anayepiga kelele kwenye masafa yako, au mwangwi unakuvuruga.

Ubaya ni kwamba programu haitunzi historia. Unaona ripoti ya sasa, ikija nyingine ya awali imekwenda. Hakuna grafu, hakuna kulinganisha jana na leo. Kwa bahati lango linakubali HART-IP, yaani HART inayopita kwenye mtandao wa kawaida wa kompyuta, nami nikaandika programu fupi inayosoma ripoti hizo na kuzimwaga kwenye jedwali. Sidhani mteja wa kawaida anapaswa kufanya hivyo. Mtengenezaji ana data yote mkononi na ameamua kuitupa.

Nilipoanza kuzitazama grafu zangu, dhana niliyokuwa nayo siku zote kuhusu foklifti ilibadilika. Foklifti hazina madhara makubwa. Inapopita mbele ya kihisi, kiungo kinafifia kwa sekunde chache, majaribio mawili matatu yanashindwa, la nne linapita, na kwenye ripoti ya dakika 15 humwoni kabisa. Kinachotikisa mtandao ni kitu kilichohama na kutulia. Kreni ikiegeshwa mwisho wa ukumbi kwa ajili ya matengenezo, picha ya uthabiti inabadilika upande mzima: viungo vingine vinashuka, vingine, ambavyo hukuvitegemea, vinapanda, kwa sababu boriti ya kreni imekuwa kioo kipya. Mrundo wa mabati ukiletwa na kuachwa wiki nzima, vivyo hivyo. Mashine zikizimwa mwishoni mwa juma ukumbi unapata sura ya tatu. Grafu inashuka kwa ngazi kali, inakaa chini saa nyingi, kisha inapanda kwa ngazi kali nyingine, na ukilinganisha na daftari la zamu unaikuta sababu.

Kwa hiyo kupima mawimbi siku moja kabla ya kufunga, ukumbi ukiwa mtupu, hakutoshi. Unapima ukumbi ambao kesho haupo.

Mfano mmoja nilioufuatilia hadi mwisho ni wa kihisi cha mtikisiko kwenye pampu iliyo nyuma ya tangi kubwa. Kwenye skrini kuu hakikuwahi kuonyesha dosari. Kwenye amri ya 780, uthabiti wake kwa mzazi wa karibu ulikuwa chini ya nusu, na betri yake ilikuwa ikienda mbio. Mzazi wa pili alikuwa mbali zaidi, ng'ambo ya ukumbi, ila njia yake ilipita juu ya trei za nyaya na haikugusa tangi; uthabiti wake ulikuwa mzuri sana. Meneja aliendelea kumpa yule wa karibu kazi nyingi, kwa sababu nguvu ya mawimbi ilikuwa juu. Nilipandisha antena ya kihisi juu ya ukingo wa msingi wa pampu na kuiweka mbali na ubavu wa tangi kwa zaidi ya nusu mita, kisha nikaongeza nodi ya kupokezana kwenye nguzo iliyo katikati. Baada ya hapo viungo vyake vyote viwili vikasimama vizuri, ikiwemo nyakati kreni inapoegeshwa upande ule. Namba ya kijani haikubadilika hata kidogo, kabla wala baada.

Kanuni za kupanga mtandao zinazotolewa kwa WirelessHART nimezikuta za maana, na nawashauri mzifuate kabla ya kusoma namba ya umbali iliyoandikwa kwenye sanduku. Nodi zisizopungua tano ziwe ndani ya umbali halisi wa lango. Kila nodi iwe na jirani watatu au zaidi. Angalau robo ya nodi zote zifike kwenye lango moja kwa moja. Umbali halisi mahali palipojaa chuma huhesabiwa kuwa mita 30 hivi, na pale palipo na vizuizi vya kadiri kama mita 76. Sanduku langu linataja mita nyingi kuliko hizo, za uwanja ulio wazi. Jirani watatu naona ndiyo kanuni muhimu kuliko zote, kwa sababu ya yale niliyoyaeleza: ukumbi hubadilika sura, na ile njia isiyofaa leo ndiyo utakayoihitaji kreni ikihama. Robo ya kufika moja kwa moja inawalinda wale walio karibu na lango, maana wao hubeba mizigo ya wote walio nyuma na betri zao huisha kwanza.

Hilo linanileta kwenye betri, na hapa nina lalamiko la pili. Betri ni za lithiamu-thionili kloridi, volti 3.6, chaguo zuri kwa kifaa kinacholala muda mwingi. Tabia yake ni kwamba volti hukaa palepale karibu maisha yake yote, kisha huporomoka mwishoni. Programu inakadiria chaji iliyobaki kwa kutazama volti. Kwa betri ya aina hii kipimo hicho hakina maana: kinasema imejaa, imejaa, imejaa, kisha kihisi kimekufa. Kifaa kinajua kimetuma mara ngapi na kimesikiliza muda gani. Kingehesabu matumizi badala ya volti. Hadi wafanye hivyo, mimi nazipanga betri za kubadilisha kwa kufuata idadi ya pakiti kwenye ripoti za afya. Nodi zinazobeba mizigo ya wengine na zile zenye viungo vibovu huwa za kwanza kwenye orodha. Miaka kumi iliyoandikwa kwenye kipeperushi isomeni kwa kihisi kinachotuma kwa nadra, kisichopokezana ujumbe wa mtu, na kisichokaa kwenye joto.

Kuhusu kufunga: kihisi kinapowashwa husubiri kusikia tangazo la mtandao, kikibahatisha chaneli, kwa hiyo kujiunga kunaweza kuchukua muda. Msikizime na kukiwasha upya kwa pupa, maana mnarudi mwanzo. Washeni walio karibu na lango kwanza, kisha mwelekee nje. Kubadilisha mipangilio kutoka chumba cha udhibiti pia ni kwa polepole, kwa sababu ratiba imepangwa kuhudumia data inayopanda, na amri zinazoshuka zina nafasi chache. Mambo yote mawili yanavumilika.

Chaneli unaweza kuzifungia zile zinazosumbuliwa na Wi-Fi. Nimezifungia chache tu. Kila chaneli unayoifunga inapunguza uwezo wa mtandao kukwepa mashimo ya chuma, na Wi-Fi yenye matumizi ya wastani huacha hewa wazi muda mwingi kuliko watu wanavyodhani. Angalieni uthabiti kabla na baada. Usipoboreka, ifungueni.

Usalama: ujumbe unafichwa kwa AES ya biti 128, njia ya kusimba ujumbe kwa ufunguo wa siri, na hilo ni sehemu ya kiwango. Lakini vihisi vyote vimekuja na ufunguo wa kujiunga uleule wa kiwandani, na programu haikulazimishi kuubadilisha. Ubadilisheni siku ya kwanza, kabla ya kihisi chochote kupanda ukutani.

Pia msikubali muuzaji awauzie seti hii kwa kazi isiyo yake. Kamati ya ISA, chama cha kimataifa cha wataalamu wa vipimo na udhibiti, iliyoshughulikia redio za viwandani ilizigawa kazi katika madaraja sita, kuanzia 0, kuzima mashine kwa dharura, kupitia udhibiti wa moja kwa moja, hadi 4, kutoa tahadhari, na 5, kurekodi. Seti hii naiamini kwa 4 na 5 bila wasiwasi, na kwa maamuzi yanayopita kwa mtu kwanza. Kuzima boila kwa dharura kubaki kwenye waya. Ujumbe unaoweza kuhitaji kurudiwa mara kadhaa kupitia nodi tatu utafika, lakini huwezi kuapa utafika ndani ya muda gani siku kreni imehama, Wi-Fi imejaa na nodi moja imekufa betri.

Nani ainunue? Mwenye pampu na mota nyingi zilizotawanyika, ambazo kuzivutia nyaya kungekuwa kazi kubwa, na mwenye fundi atakayekuwa tayari kusoma ripoti za jirani angalau kila anapobadilisha kitu ukumbini. Huyo atapata mtandao utakaomhudumia vizuri. Mwenye kutaka kufunga, kufunika sanduku na kusahau, angoje toleo ambalo programu yake itamsaidia zaidi.

Kwa mtengenezaji nina maombi matatu, na nimeshayatuma kwa maandishi. Uthabiti wa kila kiungo uje kwenye skrini ya kwanza, ukianza na kibovu kuliko vyote. Ripoti za 779, 780 na 787 zihifadhiwe ndani ya lango kwa mwezi mzima au zaidi, zichorwe, na ziwe na sehemu ya fundi kuandika "kreni imeegeshwa kusini" au "mabati yameletwa" ili ngazi ya kwenye grafu ipate maelezo yake. Na kipimo cha betri kihesabu matumizi. Hakuna hata moja linalohitaji redio mpya; yote ni ya programu, na lango linapokea masasisho. Nyota nne kati ya tano kwa vifaa, mbili kwa programu, na ile ya 780 ikihamishiwa mbele nitairudisha tathmini hii na kuiandika upya.